Maji ya Zamzam Ndani ya Lenzi

Dadangu mkubwa ndiye aliyenipa uboho wa mifupa yake nilipougua saratani ya damu. Ukashika vizuri, nikapona, nikarudi nyumbani Mtopanga na nywele mpya laini kama za mtoto. Lakini baada ya miezi kadhaa uboho ule ule ukaanza kunishambulia macho. Machozi yakakauka kabisa, kila nikipepesa nahisi mchanga. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia dada, "Hii damu yako ina ugomvi kama wewe mwenyewe." Alicheka, ila kidogo tu.

Basi nikapewa lenzi maalumu, kubwa, zinazokaa juu ya weupe wa jicho. Kabla ya kuvaliwa, kila moja hujazwa maji ya chumvi kama kikombe, ili jicho lishinde ndani ya maji. Maji hayo huja katika vichupa vidogo vilivyozibwa, na hospitalini walisisitiza: hayo tu, si mengine. Vidole vyangu vinatetemeka tangu zile dawa za saratani, kwa hivyo dada alihamia kwangu. Jioni alinivua lenzi akaziosha kwa dawa ya kuoshea lenzi, asubuhi alizijaza, akanishika kope, akaniambia, "Inama, usipumue." Nikiinuka nilikuwa naona tena, hata kutu kwenye mabati ya jirani.

Mama aliporudi Umra alitupa kila mmoja dumu dogo la maji ya Zamzam kutoka Makka. Niliyanywa kwa nia ya kupona. Kisha nikawaza: jicho hili hapa, maji haya hapa, kwa nini niyazungushe kupitia tumboni? Hakuna aliyenishauri. Kwa asubuhi tatu nilimwambia dada akaangalie mahamri yake jikoni, nataka kujaribu mwenyewe. Nikajifungia, nikasoma Bismillahi, nikajaza lenzi kutoka kwenye dumu. Siku ya nne jicho la kulia liliamka jekundu, linauma mpaka kwenye meno.

Kliniki huko mjini, daktari alilimulika, akalimulika tena. Kulikuwa na kidonda kwenye kioo cha jicho. Kikizama ndani, alisema, jicho litapotea. Akaniuliza, "Mama, mlitumia maji gani?"

Ilikuwa rahisi kusema. Lakini niliona nikiyataja Zamzam mbele ya daktari yule wa bara, nisiyejua hata dini yake, nitakuwa nimeyashtaki maji matukufu kwa ujinga wangu. Maji hayakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi, niliyechukua dumu lililokwisha kufunguliwa na kukaa kabatini, nikalimiminia jicho bichi. Hata hilo lingesemeka. Badala yake nikajisikia nikisema, "Mimi sijui, daktari. Dadangu ndiye anayeziosha. Labda alitumia ya mfereji wa jikoni."

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, mkoba wangu begani mwake. Hakutumia maji ya mfereji hata siku moja. Aliniangalia, mimi nikaangalia ukuta.

"Huenda, daktari," akasema. "Niwie radhi. Huenda nilisahau."

Daktari akamkaripia, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya muuguzi. Dada akaitikia kila neno, "Naam. Naam." Sijawahi kujidharau kama nilivyojidharau pale kwenye kiti, na bado sikufungua mdomo.

Tukirudi aliniambia polepole, "Damu yangu imekukausha macho, na sasa mikono yangu. Sijui nina nuksi gani, mdogo wangu." Nilitaka kumwambia wallahi si wewe. Nikamwambia joto la leo limezidi.

Jicho lilipona, likabaki na doa dogo, nami nikaruhusiwa kuvaa lenzi tena. Dada sasa ananawa kwa sabuni mpaka viwikoni, anarudia, anarudia tena, hata ngozi imepasuka baina ya vidole. Hathubutu kugusa lenzi kabla ya kuninyooshea mikono yote miwili.

"Hebu itazame," huniambia. "Iko safi?"

Bila lenzi sioni hata kucha zake. Kila asubuhi namjibu, "Iko safi, dada," kisha nainama.