Fremu Iliyokosa Moshi

Mikono ya Saidati ilinuka moshi hata ainawe mara tatu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Pale Gisenyi, kila aliyeona picha za wanyama kwenye baraza la hoteli ya ufukweni alijua ni kazi ya Abdu. Jina lake lilikuwa nyuma, kwa wino. Saidati hakujua kusoma, ila umbo la jina lile alilizoea kama kovu la mwilini.

Kazi hiyo aliianza mwaka aliofariki mumewe, akabaki katika nyumba ya shemeji yake, huyo huyo Abdu. Alibandua maganda makavu ya mgomba, akayachambua kwa rangi, akakata wanyama kwa wembe na kuwabandika kwenye kitambaa kwa gundi ya unga wa muhogo. Tembo hakuwahi kumwona. Alimkata alivyosimuliwa, masikio yakawa makubwa mno, na Wazungu wakayapenda. Lakini korongo wenye taji, wale wanaoitwa misambi, aliwajua. Utotoni kule Mudende aliwafukuza kwenye mbaazi za mama yake.

Fremu alizifanya kwa matawi yenye magome yake. Matawi hukaa juu ya jiko wiki tatu, moshi uyakaushe polepole, gome lishike. Ndipo hufungwa.

Novemba moja, mwaka wa sita wa kazi ile, Abdu alisimama mlangoni pa jiko.

“Shemeji, ile musambi iko tayari?”

“Ndege tayari. Miti bado, ina siku nne tu.”

“Bon, funga hivyo hivyo. Madamu aliyeiagiza anarudi Bukavu kesho.”

“Itajikunja.”

“We funga, mi nitaongea na Wazungu. Kila mutu na kazi yake.”

“Na jina la nyuma ni la kazi ya nani?”

Abdu alicheka. “Unataka niandike ‘mujane wa jikoni’?”

Saidati akafunga. Alikuwa amechoka, na kubishana kunataka nguvu.

Baada ya wiki tano Nzeyimana, mpishi wa hoteli, alimjia akiwa bado na aproni.

“Mama Saidati, unaitwa. Madamu amerudi na musambi wake, amekasirika kweli. Abdu anasema hakutengeneza yeye. Anasema ni wewe.”

Saidati alibaki ameshika mwiko. Miaka sita alingoja jina lake litajwe kwenye hoteli ile. Sasa limetajwa.

Barazani alimkuta korongo mezani. Fremu ilikuwa imejipinda, magome yanabanduka, kitambaa kimechanika, na mguu mmoja wa ndege umepasuka. Madamu alisimama kando ya meza, na Abdu alikuwa anatazama ziwa.

“Sema tu umekosea, shemeji,” alinong’ona. “Yaishe.”

Saidati alipitisha kidole kwenye shingo ya korongo. Shingo ilikuwa nzima.

“Nzeyimana, mwambie Madamu mkono ni wangu. Huyu, na wale wote walioko ukutani. Miti ilitolewa kwenye moshi kabla ya siku zake, na aliyeniharakisha ni huyu hapa.”

Mpishi alimtazama Abdu, akakohoa, kisha akasema maneno ya Kifaransa, machache kuliko yale aliyopewa. Madamu aliitazama mikono ya Saidati, muda mrefu kidogo, akajibu.

“Anauliza kumtengeneza kutachukua siku ngapi.”

“Wiki tatu.”

Basi. Hakuna aliyemwomba radhi. Alimbeba korongo nyumbani kwa miguu inayouma, na ile furaha aliyoingoja miaka yote hakuiona popote njiani.

Alibadilisha kitambaa, akakata mguu mpya, akatundika matawi mapya juu ya jiko. Siku ya nane Abdu alichungulia.

“Bado?”

“Bado.”

Siku ya kumi na tano akaja tena, akapata jibu lile lile, akaondoka bila kucheka.

Siku ya ishirini na mbili Saidati alifunga fremu. Abdu alikuja na kalamu yake ya wino, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono aipokee picha. Saidati aliigeuza, mgongo wa picha ukaelekea kifuani pake mwenyewe.

“Acha wazi,” alisema.

“Bila jina? Nani atajua?”

“Madamu anajua.”

Akajifunga kitenge, akaipeleka hotelini mwenyewe. Nyuma ya picha hakukuwa na kitu, ila harufu ya moshi.