Kitabu Tulichosomeana Wodini

Sogeeni, hapo kwenye mkeka panatosha. Marahaba, marahaba wote. Mmeniomba niwaeleze nilivyougua kifua kikuu nikapona, na mnanijua, mimi mkinifungua mdomo mtaufunga wenyewe.

Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu, ninyi! Mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, na bado naimba. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, huko Bugarama, nyumba mstari mmoja kama maharage. Jioni watu wazima wote tunakwenda kisomo. Shule mimi niliishia mlangoni, kwa hiyo nilifurahi kama mtoto. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watu wawili. Mwenzangu alikuwa Sesilia, jirani yangu. Tunaunganisha vichwa, yeye anasoma, mimi nafuata kwa kidole. Tukitoka hapo tunakaa kwenye kibuyu kimoja cha pombe ya ndizi, mrija mmoja, anavuta yeye, navuta mimi. Kwetu ukifuta mrija kabla ya kunywa, umemtukana mwenzako.

Kikohozi kilianza tukivuna maharage. Nikasema ni vumbi. Vumbi likaisha, kikohozi kikabaki. Nikawa naamka shuka imelowa jasho unaweza kuikamua. Nilikonda mpaka pete ikadondoka kwenye sufuria ya ugali. Halafu siku moja shambani nikakohoa, nikatema damu juu ya jani la muhogo, nyekundu, ina povu. Mama mkwe akaiona.

"Mwanangu, umelishwa," akasema. "Pombe unakunywa na nani?"

"Na Sesilia."

"Basi ndiye."

Kwetu wakati ule mtu akikonda akatema damu, hiyo ni sumu ya kwenye pombe, hakuna jingine. Mume wangu alikuwa ameshachukuliwa kwenda vitani, Uganda, wa kunitetea hayupo. Wakanipeleka kwa mzee wa kutapisha. Akaninywesha majani machungu, nikatapika mpaka nyongo, nikatapika mpaka nikajisaidia nguoni. Sumu haikutoka. Ilitoka damu tu. Nyumbani wakanitengea sahani yangu na kikombe changu, na mrija wangu wakauchoma moto. Huyo mtoto wa mgongoni wakanichukulia. Nilikuwa namsikia analia nyumba ya pili.

Nilipozidiwa wakanipeleka zahanati, na mganga wa huko ndiye aliyegomba. "Sumu gani? Hiki ni kifua kikuu! Mnataka afe ndiyo mlete?"

Nikabebwa kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Nikalazwa wodi ya peke yake, nyuma kabisa, karibu na chumba cha maiti. Nikageuza kichwa kumwona jirani wa kitanda. Ni Sesilia! Amebaki macho na meno. Aliponiona akageukia ukutani. Kumbe kwao nao walimwambia mimi ndiye niliyemlisha.

Hatukusalimiana. Kila asubuhi sindano ya matakoni, mpaka unakalia upande. Masikio yanavuma kama nyuki. Kila mtu na kopo lake la makohozi lenye mfuniko. Na kila mtu na kikombe chake, Sista hataki mchanganye. Wakati mwingine anakuja mikono mitupu, anasema dawa haijafika, malori yote yamekwenda vitani. Siku hizo tunalala tunatazamana nani atatangulia.

Kitu kimoja tu tulichanganya: vitabu. Wakishapiga sindano, mgonjwa mwenzetu Mama Kulwa, Msukuma wa Runazi, anauliza kwa sauti, "Haya, akina mama, nani anasoma nini?"

Yeye alikuwa na kijitabu cha ufugaji. "Mimi niko kwa kuku. Wameingiwa kideri, wanakufa wote. Kitamu hicho!"

Bibi wa kitanda cha mlangoni ana kitabu cha sala. "Mimi niko kwenye sala za marehemu."

"Ruka ukurasa, bibi, unatutisha!"

Tulicheka mpaka tukakohoa damu. Ndipo Sesilia akageuka kutoka ukutani. Akasema, "Mimi nina cha mjane aliyepotelewa na ng'ombe. Kila kijiji anaambiwa, amepita jana." Halafu akaniangalia. "Wewe je?"

"Mimi sina kitabu."

Akasogea pembeni ya kitanda chake. Tukaunganisha vichwa kama zamani, na kidole changu kikafuata. Sumu hatukuitaja tena.

Akawa ananisomea kidogo kidogo. Nikiuliza mbele kuna nini, anasema naye hajui. Kikohozi kilipopungua nikafunga kitenge changu nitoroke, niende kwa mtoto wangu. Wengi walitoroka wakijisikia nafuu. Sesilia akasema, "Nenda. Lakini ng'ombe hutajua alikokwenda." Nikafungua kitenge.

Bibi wa mlangoni akafa. Halafu zikaja habari kwamba mume wa Sesilia amefia vitani, na watoto wako peke yao. Sista akambembeleza, "Mama, sindano hazijaisha." Hakusikia. Akaniwekea kitabu kitandani. "Usinifuate mpaka ukimalize. Uje unieleze."

Nilisoma herufi kwa herufi, ninyi! Mama Kulwa ananisaidia maneno marefu. Sindano zikaisha, na kitabu kikaisha. Yule mjane alikuta ngozi tu, imetandazwa juani.

Nikaruhusiwa, na vidonge vyangu mfukoni. Nikapita kwa Sesilia kabla ya kufika kwangu. Nilimkuta mkekani, anapumua kwa mabega.

"Alimpata?" akaniuliza.

Nikasema, "Alimpata, dada. Na ndama juu."

Akacheka ile ya kukwaruza. "Mwongo wewe. Ngozi si umeiona? Mimi nilikimaliza kabla hujaletwa."

"Sasa ulikuwa unanisomea nini?"

"Miguu yako ilikuwa inataka kukimbia. Nikaifunga."

Tulimzika kabla ya mvua. Mtoto wangu nilimpata, amenisahau, akanijua upya. Namshukuru Mungu, nawashukuru wale masista. Wewe unayekohoa na kujisikia nafuu, maliza dawa. Sesilia alijisikia nafuu.

Basi, ninyi mnaojua kusoma, msinikalie kimya hapa. Nani anasoma nini?