Bega la Mama Fundi

Darasani walimwita Mjomba, kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na mbili na wenzake wengi walikuwa bado hawajaota ndevu za maana. Hakukasirika. Mtu aliyebeba mifuko ya saruji miaka tisa hanuni kwa jina la utani. Alikuwa mwaka wa pili wa fiziotherapia, tiba ya viungo, chuo kikuu, na ukimuuliza ilikuwaje fundi ujenzi akaangukia kwenye vitabu, alikujibu kwa neno moja: mama.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Nusu ya sare za shule mtaani zilipita mikononi mwake, na mdomo wake haukuwa na breki. Kiharusi kilimkuta akitia kola kwenye shati la mteja. Mkono wa kulia ukaanguka juu ya kitambaa na haukuinuka tena. Mwanawe, mtoto wa pekee, akatupa mwiko, akachimbua vyeti vyake vya shule chini ya kitanda, akaomba chuo.

"Nitakurudisha kwenye cherehani," alimwahidi.

"Basi fanya haraka," mama akajibu kwa ulimi mzito. "Kuna shati la watu hapo."

Shati likabaki pale pale chini ya sindano, nusu kola, na ole wake atakayeligusa.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa vitabu vitupu. Alimsomea mama majina ya mifupa akiosha vyombo, na mama akauliza kama hiyo mifupa inaitika ikiitwa. Vidole vya ule mkono wake uliopooza vilikuwa vimeanza kucheza kidogo wakati huo, na nyumba nzima, yaani wao wawili, ilisherehekea.

Kila asubuhi kabla ya chuo alimwamsha. Mama alichukua mkono mgonjwa kwa ule mzima, akamkabidhi. Yeye akaukamata kwa nguvu zake zote za saruji, akahesabu kwa furaha, "Moja, mbili, tatu!" akavuta. Mama aliinuka macho yamefumbwa, meno yameumana. Mwanawe alidhani ni usingizi.

"Asante, msomi wangu," alisema akishapata pumzi.

Alijivunia kazi ile, tusimseme. Nani asingejivunia?

Mwaka wa pili wakaingizwa chumba cha mazoezi, chenye vitanda sita na mwalimu mmoja mfupi mwenye viatu vya raba na sauti ya refa. Mwanafunzi mmoja alilazwa kitandani, ajifanye amepooza.

"Nani ataonyesha namna ya kumkalisha mgonjwa wa kiharusi?"

"Mimi, mwalimu. Hii kazi naifanya kila siku."

Akaushika mkono. Moja, mbili...

"Achia! Achia huo mkono!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Bega linashikiliwa na misuli," alisema. "Misuli ikipooza, mkono unaning'inia tu. Ukiuvuta, unashuka kidogo leo, kidogo kesho, mpaka juu yake, kwenye kiungo cha bega, kinaingia kidole. Likifika hapo, hata vidole vikiamka, mkono hauna pa kuegemea. Mjomba, umeshamvuta mtu hivi?"

"Hapana, mwalimu."

Uongo ule ulimtoka wenyewe. Alirudi nyumbani kwa miguu, hakumbuki alipita wapi. Mama alikuwa amekaa mlangoni akiwatania wapita njia. Mjomba alipiga magoti mbele yake, akapapasa bega la kulia. Kidole chake kikaingia.

"Mama, nilipokuwa nakuvuta, ulikuwa unaumia?"

Mama aliwageuzia uso wapita njia.

"Si ndiyo mazoezi yenyewe?" alisema. "Nilijua dawa lazima iume. Wewe ndiye msomi, baba."

Alilia kama mtoto, kichwa kwenye mapaja ya mama. Mama akamfuta uso kwa ncha ya khanga, mkono wa kushoto.

Siku zile hakuthubutu kumvuta tena, mama akawa anajikokota kuinuka mwenyewe, na wiki iliyofuata alimpeleka kliniki ya chuo. Mwalimu alilipapasa bega muda mrefu, akamtazama mwanafunzi wake, kisha mama.

"Huyu alikuwa anainuliwaje nyumbani?"

Mjomba akafungua kinywa, lakini mama alimtangulia.

"Nilianguka bafuni, mwalimu. Mara mbili. Mimi mbishi, muulize mwanangu."

Mwalimu hakuuliza tena. Alisema maumivu yatapunguzwa, na kutembea atatembea vizuri tu. Cherehani aisahau.

Njiani mama alisema kitu kimoja: "Lile shati mrudishie mwenyewe." Jioni ile Mjomba alilitoa chini ya sindano, akalikunja, akarudia mara tatu kabla halijakaa sawa.

Asubuhi iliyofuata aliingia chumbani kwa mama akiwa na njia sahihi kichwani. Mgonjwa anageuzwa ubavu, miguu inashushwa, mkono mmoja nyuma ya bega, taratibu, bila kuvuta. Darasani sasa hakuna aliyemshinda.

Mama alikuwa bado na usingizi. Alisikia hatua za mwanawe. Kwa mazoea, akauinua ule mgonjwa kwa mkono mzima, akamnyooshea. Akafumba macho, akauma meno, akasubiri mwanawe ahesabu.