Hati ya Baba Iliyolaminetiwa

Mpaka leo nikisikia mtu anasifia "mfumo wa kisasa", nachefukwa.

Baba alikuwa mkulima wa korosho Nambambo. Mwishoni mwa miaka ya tisini alipata msimu mzuri, akanunua hisa kwa wakala wa kampuni moja ya udalali aliyekuwa na kiofisi Nachingwea mjini. Akapewa hati. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaipeleka stendi ikalaminetiwa kwa nailoni, mchwa wasiile. Kwetu hata kadi za kliniki tulizifanya hivyo.

Miaka ikapita, wakala akafunga ofisi na kuyeyuka. Baba akashikwa na presha ya macho. Daktari alisema wazi: apasuliwe mapema, maana uoni ukishapotea haurudi. Tukaamua kuuza hisa. Kampuni nyingine, yenye wakala palepale Nachingwea, ikakubali kuziuza kwa niaba yake, mradi akaunti yake ya hisa ihamie kwao.

Nilikuwa nafundisha Ruangwa. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi hadi Dar es Salaam, kwenye kampuni ya zamani. Karani akaishika hati kwa vidole viwili kama kitambaa cha kamasi.

"Dada, siku hizi kuhamisha akaunti ni kompyuta, dakika tano tu. Lakini kwanza hati igongwe muhuri nyuma. Hapa wino haushiki."

"Basi bandueni nailoni."

"Itachanika. Hati iliyochanika hatupokei."

Nikamwuliza kama jina la baba halimo humo kwenye kompyuta. Akanigeuzia kioo. Lilikuwamo, na hisa zake zote. Nilitamani kumtemea mate.

Dawa yao ilikuwa baba aape mahakamani kwamba hati imepotea, na tutangaze gazetini. Hati ninayo mkononi, nimlishe mzee kiapo cha uongo. Tukaapa. Fomu za kuhamisha akaunti zikarudishwa mara mbili: sahihi haifanani na ya zamani. Itafanana vipi, mtu haoni mstari? Mara ya tatu nilimshika mkono nikaandika naye, wakapokea. Washenzi.

Akaunti ikahama. Ujumbe uliingia kwenye simu ya baba akiwa uani, anachambua korosho kwa kupapasa. Akanyoosha simu upande ambao sikuwapo.

"Mwanangu, nisomee."

Nikamsomea. Akaniuliza kama sasa tunaweza kwenda kwa daktari. Nikamwambia tutakwenda. Wiki iliyotangulia daktari alikuwa ameniambia, mimi peke yangu, kwamba hakuna tena cha kupasua.