Fundo la Sukari Guru

Binti yangu aliamka akiwa na sura ya mtu mwingine.

Shavu la kushoto lilikuwa limefura mpaka jicho likafungika. Jana yake alikuwa anakimbiza kuku uani. Sasa mate yanamtoka tu, shingo imekuwa ngumu kama kuni.

Ayuma wangu. Miaka mitatu na nusu. Ilikuwa Aprili 1964, huku kwetu Kabras.

Na mimi mama yake nilijua papo hapo ni nani amemfanyia hivyo.

Naitwa Jael. Nina miaka themanini na mbili. Shule niliacha darasa la pili, kusoma nikajifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari dukani. Wengi hapa mnanijua kwa kelele. Maji, barabara, dawa, nimepigia kelele kila serikali tangu bendera ipande.

Lakini kelele yangu ya kwanza hamjawahi kuisikia.

Mume wangu Cornelius alikuwa anachemsha maji ya miwa kwa kiwanda kidogo cha sukari guru. Jioni alikuwa anatuletea vipande vilivyovunjika. Maziwa yalikosekananga kwetu, sukari guru haikukosa.

Kwa hivyo Ayuma akisumbua, nilichukua kipande, nikakifunga fundo kwa kitambaa safi, nikamtia mdomoni. Ananyonya, ananyamaza. Analala nacho hivyo mpaka asubuhi. Majirani wangu pia walifanya hivyo. Tuliona ni mapenzi.

Siku moja ya soko pale Malava, mama mmoja muuza leso akamshika Ayuma kidevu. Zeituni, Mwislamu wa kutoka Matungu, upande wa Mumias.

"Fungua kinywa, kipenzi. Aa! Jael, meno ya mbele yameshakuwa kahawia."

"Ni ya maziwa hayo. Si yatang'oka?"

"Yakioza kabla ya kung'oka, yatamtesa. Analala na nini mdomoni huyu?"

"Zeituni, wewe uza leso. Huyu mtoto nilizaa mimi ama wewe?"

Wanawake wakaangua kicheko. Zeituni hakucheka. Alinipa kijiti cha mswaki, akasema nimsugue nacho polepole. Nilikitupa njiani.

Siku tatu baadaye, shavu.

Jirani yangu Nabwire akaja, akamtazama mtoto, akauliza jambo moja tu.

"Nani alimwangalia mdomo?"

Basi. Ni yule yule niliyemwaza. Ikaisha hapo.

Nilimfunga Ayuma mgongoni, anaungua kama jiko. Mnafikiri nilienda zahanati?

Nilienda sokoni.

Nikapanda juu ya kreti la soda. Nikamwaga maneno. Tumejitawala, nikasema, na bado tunakaa na watu wanaotula watoto kwa macho! Sikujua nina sauti kama hiyo. Watu walinisikiliza, na nisiwafiche, nilisikia utamu.

Meza ya Zeituni ilipinduliwa. Leso zake zikakanyagwa kwa matope.

Yeye alikuwa amepiga magoti, kitambaa cha kichwa kimemtoka, bado ananipungia mkono.

"Jael! Utanipiga baadaye! Mpeleke mtoto hospitali kwanza! Mpeleke saa hii!"

Nilimtemea mate.

Tulifika zahanati jua limeshapinduka. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, alimfungua Ayuma mdomo, akarudi nyuma kwa ile harufu.

"Mbona mmechelewa, mama?"

"Amerogwa."

"Hapa mimi sina daktari wa meno. Aliye karibu yuko Kisumu. Ngojeni lori liwapeleke."

Nje bendera mpya ilikuwa inapepea vizuri sana. Bendera ilifika kwetu mapema. Daktari wa meno hata leo sijui alikwama wapi.

Ayuma alikuwa anavuta pumzi kwa shida, kama mtu anayepanda mlima. Akashika kidole changu.

Kisha akakiachilia.

Lori lilikuwa halijafika.

Tulimzika kesho yake. Zeituni hakuonekana tena Malava. Na mimi nikawa mtu. Kila mkutano, "Mwiteni Jael, huyo anajua kusema."

Miaka sita ikapita. Mwaka wa sabini nikaalikwa Mumias kuzungumza na akina mama. Kupita sokoni hivi, nani yule nyuma ya leso? Damu ikanipanda. Nikasema leo nitamwaibisha mara ya pili, na kwao kabisa.

Nikasimama mbele yake.

"Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka, mwanangu. Pole kwa Ayuma. Sikupata nafasi ya kukupa pole."

Nikavuta pumzi nipaze sauti.

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mtoto wangu Khisa, wa miaka miwili, amelala mgongoni mwangu.

Akanyoosha mkono taratibu. Akamtoa kitambaa mdomoni. Akafungua lile fundo kwa kucha, kipande cha sukari guru kikabaki kinang'aa kiganjani mwake.

"Wangu aliitwa Asiya," akasema. "Mimi nilikuwa nafungia tende. Naye shavu lilivimba vile vile."

Akanionyesha kile kiganja.

"Ilikuwa hii, Jael. Ni hii tu."

Sikuhutubu siku hiyo. Nilikaa chini kati ya leso zake, nikalia mpaka akina mama niliokuja kuwafundisha wakatawanyika kwenda makwao.

Khisa ana miaka hamsini na kitu sasa. Ana meno yake yote.

Wewe mzazi unayesoma hii, weka simu chini, mwite mtoto wako, mfungue mdomo uangalie. Usimlaze na kitu kitamu mdomoni. Ukiona doa, usiseme ni ya maziwa, yatang'oka. Wangu hakuishi kuyaona yaking'oka. Na mtu akikwambia jambo juu ya mtoto wako, uchungu wake umeze, kisha ufuate alichosema.

Zeituni alifariki mwaka wa themanini na nane. Alinisamehe. Lakini pale Malava, mahali nilipopanda juu ya kreti, sikurudi kusema ukweli. Niliogopa, mimi ambaye mnaniita simba.

Leo, kwa maandishi haya, nimepanda tena.

Zeituni hakumroga mtoto wangu. Fundo nililifunga mimi.