Springi za Marehemu Mgaya

Sitaki mnisikilize kwa huruma, wala sitaki mtu aniambie eti nilichoka na safari nikasinzia. Nilikuwa macho. Jua lilikuwa halijazama, ukungu tu ndio uliolificha, na mume wangu alikuwa kando yangu ameshika usukani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, kwenye barabara ya kutoka Iringa kuja Mbeya, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Asiyetaka kuamini na asiamini. Mimi nguvu za kubishana ziliniishia zamani.

Mume wangu, Baba Tatu, alikuwa Mhehe wa Kihesa aliyesilimu ili anioe. Wazee wangu mimi walitoka pwani na biashara ya nguo, baridi ya huku ikawashika wakasahau kurudi. Tulikaa Ilomba, hapa Mbeya, na chakula chetu kilitoka kwenye gari moja kuukuu, la kabla ya vita, ambalo Baba Tatu alilinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba aliyekuwa anarudi kwao. Alipakia wafanyabiashara, Mbeya kwenda Iringa, Iringa kurudi Mbeya. Sasa gari lenyewe lilikuwa laini mno. Kila kona lililala upande kama ng'ombe anayetafuta pa kujilaza, abiria wanaegemeana, na mama mmoja aliwahi kunitapikia kanga nzima. Na Baba Tatu alipenda mwendo. Niaminini, mume wangu aliweza kusamehe tusi, lakini kupitwa na gari jingine hakusamehe.

Akaenda kwa fundi wetu, Ambilikile, Mnyakyusa aliyejifunza magari jeshini. Nilikuwepo. Fundi akamweleza: anaweza kuongeza jani moja la chuma kwenye kila springi, gari likakaza lakini likawarusha abiria kwenye mashimo. Au alishushe gari lote chini kidogo lisiyumbe, ila ajue mawe ya njiani yatalipasua tumbo. Au aagize shokamzoba mpya, vile vyuma vinavyoituliza springi isichezecheze, avisubiri vije kutoka Dar es Salaam.

"Mimi nasema subiri shokamzoba," Ambilikile alisema. "Springi ngumu peke yake, siku ya tope utanikumbuka."

"Kuna springi nazijua," Baba Tatu akamjibu. "Za Mgaya."

Mgaya alikuwa dereva mwenzake, kijana wa kijiji cha karibu na Mafinga, mwenye gari la aina ile ile ya kwetu. Springi zake alikuwa amezifua upya mwenyewe, zikawa bapa na ngumu, na kwenye kona gari lake lilipita wima huku letu likigalagala nyuma kwenye vumbi lake. Lakini kiangazi hicho hicho Mgaya alipinduka, siku ya ukungu, kwenye kona moja mbele kidogo ya Sao Hill. Alikufa pale pale. Gari lilibondeka juu, chini likabaki zima.

Tulikwenda kwao. Mama yake, bibi mdogo wa mwili, alitupokea vizuri, akasikiliza maneno ya Baba Tatu mpaka mwisho.

"Baba, mwanangu hajaambiwa," alisema. "Tunangoja mvua. Ulanzi ukipatikana tutaondoa matanga, tutamwagia, tutamwambia hiki anapewa huyu, kile anapewa yule. Hapo uje, utapewa springi zako kwa amani."

Ulanzi ni pombe ya mianzi, na mianzi haitoi kitu kiangazi. Mpaka ipatikane, kwa watu wale, vitu vya marehemu havitoki nyumbani, hata jembe. Baba Tatu alizaliwa ndani ya mila hiyo. Mgeni nilikuwa mimi! Lakini alijua mvua zikianza barabara ni tope tupu, na yeye alitaka kukimbia kiangazi hicho hicho. Alimpa mama pole, akazunguka nyuma ya nyumba kwa mdogo wake Mgaya, wakanong'onezana, wakashika spana. Nikamfuata.

"Baba Tatu, si umesikia alichosema mama?"

"Chuma hakina matanga," akanijibu, wala hakuinua kichwa.

Nisiwe mwongo, gari liligeuka likawa tamu. Ambilikile alifunga springi zile huku ananuna, akaziweka zile za zamani kwenye buti, na safari ya kwanza ya kwenda Iringa nilikaa mbele nikicheka kama msichana. Kona inakuja, gari linaikata wima. Tuliwashusha abiria Iringa, na kurudi tulikuwa mimi na yeye tu.

Tulipoingia kwenye kona ile ya Sao Hill, gari likakaa. Mnajua gari linavyoshuka mtu mnene akipanda? Lilishuka hivyo hivyo, nyuma, upande wangu. Na springi zile zilikuwa ngumu, nikipanda mimi hata hazishtuki. Baba Tatu akasimamisha, akashuka, akayapiga matairi teke. Yalikuwa mazima. Akarudi kwenye usukani, na mimi nikageuka kutazama nyuma.

Alikuwa amekaa. Koti limelowa, mikono juu ya magoti kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Hakuwa na damu wala kwato, na kama mlikuwa mnangoja hayo, tafuteni waongo wawaambie. Alikuwa Mgaya, yule yule niliyezoea kumtilia chai.

"Kamwene, shemeji," alinisalimu Kihehe.

Akamtazama mume wangu kisogoni.

"Baba Tatu, mnaipeleka wapi gari yangu?"

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonitesa. Aliuliza kama mtu aliyeamka usingizini akakuta nyumba yake inahamwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Je, ungekuwa wewe ungemjibu nini? Baba Tatu hakujibu. Niliona jasho linamtiririka shingoni na baridi yote ile, akakanyaga mafuta. Mimi nilianza Ayatul Kursi, nikapotea katikati, nikaanza tena. Ukungu ulipofunguka karibu na Makambako, kiti kilikuwa kitupu. Gari halikuinuka.

Halikuinuka hata nyumbani. Lilisimama uani limelala nyuma kushoto, majirani wakipita wanauliza, "Springi imekufa?" Ambilikile alizifungua, akaihamishia ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Gari likalala kule kule. Alifuta mikono, akasema hataligusa tena.

Nilimwomba mume wangu azirudishe. Nililia, nikagoma kupika, nikamtukania hata ukoo wake, Mungu anisamehe. Hakuzigusa. Jioni nilimsikia uani ndani ya gari, anaongea Kihehe, anacheka, ananyamaza kama mtu anayesikiliza. Siku moja aliniambia kwa furaha kabisa, "Ananifundisha kona." Na kweli, hakuna gari lililompita tena. Lakini chakula hakikumshuka, akakonda mpaka mkanda ukamzunguka kiuno mara mbili, na Tatu, binti yetu, akimkimbilia alikuwa anampisha kama mtoto wa jirani. Niliishi na mume nikimwona anaondoka huku amekaa mbele yangu. Hakuna uchungu kama huo.

Mvua zilianza. Mama yake Mgaya alileta habari kwamba ulanzi upo, matanga yanaondolewa. Nilimpigia Baba Tatu magoti. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alinishika mkono.

"Sawa, Mama Tatu. Nitakwenda nizirudishe mbele ya watu. Nitamjibu."

Aliondoka alfajiri peke yake, maana Tatu alikuwa na homa. Kule walimngoja, hakufika. Mwishowe yule mama alimwaga ulanzi, akamwambia mwanawe kila kitu kinakokwenda, lakini springi hazikuwepo za kutajiwa. Ndipo wanaume wakatoka kumtafuta.

Gari lilikuwa kwenye kona ile ile, limesimama wima barabarani, halina mkwaruzo. Milango imefungwa, ufunguo upo, springi za zamani bado zipo kwenye buti. Tope lote lile na hakuna unyayo hata mmoja uliotoka mlangoni. Na mimi nilikwenda nikaliona kwa macho yangu: lilikuwa limelala nyuma kushoto, na limelala mbele kulia, penye usukani. Watu wawili wamekaa, na ndani hamna mtu.

Tulimtafuta porini mpaka sauti zikatukauka. Nilirudi kwa mama yake Mgaya, nikamwomba amwage tena, amwambie mwanawe anirudishie mume. Alimwaga, masikini, tukalia pamoja. "Nimemwambia, mwanangu," alisema. "Hanijibu."

Gari lilikokotwa na ng'ombe mpaka uani kwake, likaozea pale, limelala vile vile pembe mbili. Tatu ameolewa, baba mdogo ndiye aliyemwoza. Mimi nilimuuliza shehe kama nikae eda, akasema bila habari ya kifo mimi ni mke wa mtu, nisubiri. Ndugu zake wa Kihesa wakasema hawawezi kuweka matanga ya mtu asiyejulikana kama amekufa. Nimezeeka nikiwa si mke wala si mjane, na usiku ukungu ukishuka Ilomba nakaa kitandani nasikiliza, sijui nasikiliza nini.

Kwa hiyo wewe mwenye gari kuukuu, unayetaka likate kona kama jipya, nisikilize. Ukionyeshwa springi nzuri ya bei rahisi, usiulize kwanza kama ni ngumu. Uliza ilikuwa ya nani, na kama wenyewe wameshamaliza kumlilia. Mimi wangu hata kuanza sijaruhusiwa.