Jina Tulilolikuta Chini ya Grisi

Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa. Haya mambo yalifanyika. Hayakumpata rafiki ya binamu ya mtu fulani. Yalinipata mimi, hapa Manyatta, nje kidogo ya mji wa Embu, ndani ya boma letu, asubuhi jua likiwaka na kuku wakitembea uwanjani. Watu hudhani vitu vya aina hii huja usiku. Nani aliwadanganya?

Mume wangu anaitwa Njeru. Ni fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, mtu mpole, pombe haguzi, lakini ana ugonjwa wake mmoja: magari. Babake, Mzee Nyaga, alipofariki alimwachia gari la michezo la zamani, milango miwili tu, boneti refu, gari ambalo mzee alilinunua enzi zile kahawa ilikuwa inalipa watu vizuri. Injini ilikuwa imekufa kitambo. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mtu mwingine angeliuza kama vyuma kuukuu, lakini Njeru akasema ataliwekea injini ya rotari, hapa hapa nyumbani, kwa mikono yake.

Nikamuuliza, rotari ndiyo nini? Akanieleza mpaka chai ikapoa. Injini zingine zina pistoni zinazopanda na kushuka. Hii haina hata moja. Ndani yake kuna chuma cha pembe tatu kinachozunguka tu, kama mwiko unavyozungushwa ndani ya sufuria ya uji. Ni ndogo, lakini nguvu yake si mchezo. Alikuwa ameipata kwa muuzaji wa vipuri kule Meru, mtu aliyeapa kwamba imetoka Japani moja kwa moja haijawahi kuguswa na Mkenya.

Sasa shika hili, kwa sababu ndilo la maana. Wakati huo nilikuwa mjamzito. Nilikuwa nimepoteza mimba mbili kabla ya hiyo, kwa hivyo hata kukohoa nilikuwa naogopa. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye boma moja, alikuwa ameshaamua kwamba ni kijana. Na sisi huku jina la mtoto halitafutwi hewani. Kijana wa kwanza anachukua jina la baba ya babake, na akishalichukua, yule mzee amerudi nyumbani. Nyanya anamwita huyo mtoto "mume wangu", na hatanii. Basi kila asubuhi mama mkwe alikuwa anainamia tumbo langu, anasalimia: "Nyaga, mume wangu, umelala vizuri?" Mimi nacheka, lakini moyoni nilikuwa nafurahi sana.

Injini ilipoletwa ilikuwa imejaa grisi na matope makavu. Njeru akaniwekea kiti, brashi na karai ya mafuta ya taa, nisugue huku nimekaa. Nikasugua. Grisi ilipotoka upande mmoja, nikaona maandishi yaliyokwaruzwa kwenye chuma kwa kitu chenye ncha. MURITHI.

Mimi ni mzaliwa wa Kiirua. Murithi ni jina la kwetu Meru, huwezi kunidanganya.

"Njeru," nikamwita, "siku hizi Wajapani wanaitwa Murithi?"

Akaja akatazama, akakuna kichwa. "Labda ni fundi fulani alijiandika. Wacha maswali, mama, sugua."

Ningeacha hapo, lakini nina mdomo mimi. Siku injini iliponing'inizwa kwa mnyororo kutoka kwenye magogo matatu, ikashuka taratibu ndani ya gari na ikakaa pale alipokuwa amechomelea vyuma vya kuishika, nilifurahi kama mtoto. Nikachukua rangi yangu nyekundu ya kucha, nikaandika kwenye dashibodi: Murithi. Nikapiga boneti kofi. "Murithi, karibu nyumbani! Hapa sasa ni kwako."

Mama mkwe alikuwa anapita na kikapu cha kahawa. Akasimama.

"Umemkaribisha nani?"

"Gari, mama."

"Hilo ni jina la mtu. Ni mtoto wa nani? Unamjua?"

"Mama, ni mzaha tu."

"Una tumbo, halafu unakaribisha watu usiowajua ndani ya boma langu?" Alikuwa amekasirika kweli. Akaenda zake bila kuaga, nami nikamcheka alipopinda kona. Nilidhani ni uzee.

Siku ya kuiwasha ikafika. Njeru alizungusha ufunguo mpaka betri ikachoka. Injini ilikuwa inanguruma kidogo halafu inanyamaza, na petroli inanuka boma lote. Akafungua plagi, vile vidude vya kutoa cheche, akazikuta zimelowa. Akaweka betri nyingine aliyoazima, akabeba plagi zile kama mfano, akapanda boda kwenda mjini kutafuta mpya. Mama mkwe alikuwa shambani. Nikabaki peke yangu na gari lililofunguliwa boneti.

Nilipoinua macho kulikuwa na kijana amesimama langoni. Koti la ngozi, uso mzuri, viatu safi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo na njia yetu ni tope tupu, lakini viatu vyake vilikuwa safi. Niliona hilo, na haki ya Mungu sikujiuliza. Wewe ungejiuliza?

Akanisalimia kwa Kimeru, kile cha Tigania. Nikafurahi kusikia lugha ya nyumbani, maana huku kwa wakwe ni Kiembu asubuhi mpaka jioni.

"Nimetoka Muthara, kule Tigania," akasema. "Nimesikia naitwa."

Nikafikiri Njeru amepigia fundi simu. Nikamvutia kiti, nikamimina chai kutoka kwa chupa. Akashika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeota moto. Hakunywa. Akatazama ile injini kwa muda mrefu, na nitakwambia ukweli, aliitazama jinsi unavyomtazama mtu wako hospitalini.

"Imekunywa petroli sana," akasema. "Tia mafuta kidogo ya injini kwenye matundu ya plagi. Kijiko kimoja kimoja. Kisha uizungushe, uite pumzi yake."

"Kwani wewe huna mikono?" nikamtania.

"Siwezi kuishika," akasema, na hakucheka.

Nikaenda jikoni nikaleta kijiko. Mimi na tumbo langu, nikainama nikatia mafuta kwenye matundu, nikaingia ndani nikazungusha ufunguo kidogo kama alivyoniambia. Sauti ikabadilika. Hata mimi nisiyejua chochote niliisikia.

"Sasa sikiza," akasema. "Ikiwaka, usiizime kabla haijapata moto. Hii injini ukiizima ikiwa baridi, inakufa. Na ikifa, mimi sina tena pa kukaa."

"Pa kukaa namna gani? Kwani wewe ni nani?"

"Ulinikaribisha kwa jina langu. Ukaniambia hapa ni kwangu." Kisha macho yake yakashuka kutoka usoni mwangu mpaka tumboni, polepole, yakabaki pale. "Nitakaa hapa kwa hii injini. Lakini ukinifungia hapa, nitakaa mahali pengine palipo wazi."

Ngai, Mungu wangu! Nikafunika tumbo kwa mikono miwili. Hapo hapo nikasikia boda ya Njeru ikiingia langoni, nikageuza shingo. Ni kugeuza shingo tu! Niliporudisha macho, kiti kilikuwa kitupu. Kikombe kilikuwa juu ya kiti, kimejaa vile nilivyokimimina, lakini nilipokigusa kilikuwa baridi kama maji ya mtoni. Na chai nilikuwa nimeimimina muda mfupi tu uliopita.

"Umeona mtu akitoka?" nikamuuliza Njeru.

"Mtu gani?"

Kabla sijamweleza alikuwa ameshafunga plagi mpya, ameshakaa ndani, mbio mbio, maana mtu wa magari hana masikio. Akazungusha ufunguo. Ikawaka mara ya kwanza. Ilitoa ule mlio wake, si mlio wa gari la kawaida, ni kama nyuki wengi ndani ya debe, na moshi wa mafuta ukajaa uwanja. Njeru alikuwa analia kwa furaha. Mimi kwa kichwa changu nilikuwa na jambo moja tu: huyo kiumbe asikae kwangu. Asikae bomani, asikae karibu na mtoto wangu. Nikaingiza mkono dirishani, nikashika ufunguo, nikaizima injini.

Ndiyo. Niliizima. Injini ilikuwa haijapata moto hata kidogo.

Kukawa kimya. Na wakati ule ule mtoto akanipiga teke tumboni, teke la kwanza la mimba ile nzima, kwa nguvu mpaka nikajishika kwa mlango wa gari. Macho yangu yakaenda kwenye dashibodi. Lile jina nililoandika kwa rangi ya kucha halikuwepo. Halikuwa limefutwa, kwa sababu rangi ya kucha ukiifuta inaacha doa, na mwanamke yeyote anajua hilo. Plastiki ilikuwa safi. Jina lilikuwa limetoka.

Nilimweleza Njeru kila kitu nikiwa nimekaa chini kwenye tope. Alikasirika, akasema mimba inanisumbua. Akajaribu injini tena, siku hiyo na siku nyingi baadaye. Mafuta kwa kijiko, plagi mpya, betri mpya. Haikuwaka tena. Mwisho akampigia simu yule muuzaji wa Meru, akaweka sauti kubwa nisikie, akamuuliza Murithi ni nani.

"Mlijuaje jina lake?" akauliza yule muuzaji. Kisha akatoboa. Injini haikutoka Japani. Ilitoka kwa gari la kijana wa Muthara aliyekuwa amelijenga mwenyewe. Asubuhi moja ya ukungu, kule barabara ya Kiirua, gari lilimzimikia likiwa bado baridi, na alipokuwa anajaribu kuliwasha, lori likaja kwa nyuma likamuua. Njeru aliangalia simu, akaniangalia mimi. Hajawahi tena kuniambia ni mimba.

Injini tuliiuza kwa watu wa vyuma kabla sijajifungua. Mtoto alizaliwa salama, kijana, mzima, mzuri ajabu. Mama mkwe alimbeba, akamwambia, "Nyaga, mume wangu, karibu." Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Kila alipoitwa Nyaga, alilia. Sasa anakimbia na kuongea, na hilo jina hageukii. Ukimwita Nyaga ni kama unamwita mtu mwingine aliye nyuma yako.

Juzi pikapu ya kubeba makadamia ilikuja asubuhi, kukiwa na baridi. Dereva alikuwa amewasha, halafu akakumbuka kitu, akazima. Mtoto wangu alitoka mbio miguu mitupu, akaweka viganja vyake viwili kwenye boneti, na akapiga kelele. Hakupiga kwa Kiembu anachoongea na nyanyake, wala kwa Kiswahili cha babake, wala kwa kile Kimeru changu cha Kiirua. Alipiga kwa Kimeru cha Tigania, ambacho hakuna mtu boma hili anayekiongea.

"Usiizime! Bado ni baridi!"

Mama mkwe aliangusha kikapu. Tangu siku hiyo hamwiti tena "mume wangu". Anamwita mgeni, na anampa chakula kwanza, kabla yetu sote, kama mgeni.

Kwa hivyo wewe unayenunua injini, sijui mashine, sijui kiti cha mitumba, ukikuta jina la mtu chini ya uchafu, nyamaza. Usilisome kwa sauti, na chonde chonde usilikaribishe, hasa kama kuna mwanamke mwenye tumbo ndani ya nyumba. Na ukishakaribisha, usifunge mlango kwa pupa kama mimi, kwa sababu hujui ni mlango gani mwingine uko wazi.

Usiniulize kama nampenda. Ni mtoto wangu. Nilimngoja miaka, nikamzaa, nikamnyonyesha. Ila kila alfajiri, ukungu ukishuka kutoka mlimani, naamka kabla ya wote namwekea blanketi ya pili, namshika miguu kuhakikisha ina joto, na sitoki hapo mpaka jua liwake.